MPAKA SI NGAO YA MWUZA WATU

Mwezi wa Februari mwaka 1998 wakuu wa polisi wa nchi za Afrika ya Mashariki walikutana mjini Kampala. Hawakuitana kwa gwaride wala kwa sherehe. Walikutana kwa sababu wahalifu walikwisha kuungana kabla yao. Katika mkutano huo ndipo ulipozaliwa Umoja wa Ushirikiano wa Wakuu wa Polisi wa Afrika ya Mashariki, ambao hujulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kiingereza, EAPCCO. Kazi za katibu wake hufanywa Nairobi, katika ofisi ya kanda ya Polisi wa Kimataifa, Interpol. Leo umoja huo una nchi wanachama 14, tangu Sudan na Eritrea upande wa kaskazini hadi Tanzania upande wa kusini, na kutoka Kongo hadi visiwa vya Komoro na Shelisheli.

Miongoni mwa makosa ambayo umoja huo umejitwika kuyapiga vita, limo moja ambalo ni kongwe kuliko jeshi lolote la polisi katika sehemu hizi, na kongwe hata kuliko mipaka iliyochorwa katika ramani. Kosa hilo ni biashara ya kuuza watu. Sheria za leo huliita usafirishaji haramu wa binadamu, lakini mzee yeyote wa pwani au wa kando ya Nile angelitambua mara moja kwa jina lake la zamani. Historia ya biashara hiyo inafundisha jambo moja ambalo askari wa zamu anapaswa kulijua kama anavyoijua namba yake ya kazi. Mwuza watu hakuishi kwa bunduki yake peke yake. Ameishi zaidi kwa sababu askari wa upande mmoja wa mpaka hajui kile anachokijua mwenzake wa upande wa pili.

Katika karne ya 19 nchi ambayo leo ni Uganda ilikuwa na milango miwili ya kutolea watu. Mlango wa kusini ulikuwa Ziwa Viktoria. Mateka wa vita walivushwa kwa mitumbwi hadi kusini ya ziwa, wakaunganishwa na misafara ya Unyanyembe karibu na Tabora, na hatimaye baadhi yao wakafikishwa Bagamoyo na Unguja. Mlango wa kaskazini ulikuwa mto Nile. Wafanyabiashara waliotoka Khartoum waliweka maboma katika nchi ya Waacholi, wakatafuta pembe za ndovu na kuteka watu. Mwaka 1872 Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na Khedive Ismail wa Misri, aliweka ngome Patiko, si mbali na mahali ulipo leo mji wa Gulu. Amri aliyopewa ilisema akomeshe biashara ya watumwa na kuitia nchi hiyo chini ya Misri. Ngome ilikuwa na mizinga na askari, lakini biashara haikufa. Ilihama njia. Ngome moja, hata iwe imara namna gani, huona umbali wa macho yake tu.

Baharini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa, na manowari za Kiingereza zikawa zikipekua majahazi. Hata hivyo Ufaransa ilikuwa haikubali kabisa kwamba chombo chenye bendera yake kipekuliwe na taifa jingine. Wenye majahazi waliigundua siri hiyo upesi, hasa wale wa bandari ya Sur katika Oman. Walijipatia hati na bendera za Kifaransa, na kila walipoiona manowari ya Mwingereza waliipandisha bendera hiyo mlingotini. Mwezi Desemba mwaka 1881 Kapteni Charles Brownrigg, kamanda wa manowari London iliyokuwa imetia nanga Unguja, alilisogelea jahazi la namna hiyo karibu na kisiwa cha Pemba. Jahazi lilikuwa na watumwa ndani na bendera ya Ufaransa juu. Brownrigg aliuawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake.

Ubishi juu ya bendera hizo uliendelea kwa miaka mingi, mpaka ukafikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi mjini The Hague. Tarehe 8 Agosti 1905 mahakama iliamua kwamba tangu tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera yake watu wa Oman, isipokuwa wale waliokuwa kihalali chini ya himaya yake. Inafaa kutafakari miaka hiyo. Kati ya kifo cha Brownrigg na hukumu ya The Hague ilipita miaka 24 hivi. Muda wote huo kitambaa cha rangi tatu kilitosha kumkinga mtu mwenye binadamu wenzake ndani ya ngama ya jahazi lake. Upungufu haukuwa wa meli wala wa ushujaa. Upungufu ulikuwa wa maelewano baina ya dola mbili, ambazo kila moja ilijali heshima ya bendera yake kuliko uhai wa mateka.

Katikati ya miaka hiyo mataifa 17 yalikutana mjini Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia sahihi mkataba mkubwa dhidi ya biashara ya watumwa. Hapana budi kusema kweli kuhusu mkataba huo. Mataifa ya Ulaya yaliyoketi pale ndiyo yaliyokuwa yakigawana Afrika, na vita dhidi ya utumwa vilikuwa kisingizio kizuri cha kujitwalia nchi za watu. Lakini ndani ya mkataba huo wa wakubwa kulikuwa na wazo moja lililokuwa sahihi. Uliamuru iwekwe ofisi ya kimataifa huko Unguja, ya kukusanya hati na habari zote zihusuzo biashara ya watumwa baharini, ili kila taifa lipate kujua kile kinachojulikana na wenzake. Kwa mara ya kwanza katika sehemu hizi dola zilikubali kwa maandishi kwamba habari ni silaha, na kwamba silaha hiyo haifai kufungiwa kabatini.

Wazo hilo likaonekana tena Paris mwaka 1904, katika mapatano ya kuzuia wanawake na wasichana wasipelekwe nchi za nje kwa ajili ya umalaya. Kila serikali iliyotia sahihi ilitakiwa iwe na ofisi moja ya kuratibu habari hizo, na ofisi hiyo iruhusiwe kuandikiana moja kwa moja na ofisi kama hiyo katika nchi nyingine, pasipo barua kuzunguka katika wizara. Aibu ya mapatano hayo ni kwamba jina lake lenyewe lilitaja wanawake weupe tu. Msichana wa Kiafrika hakuwamo katika fikira za waandishi wake. Ubaguzi huo wa maneno uliondolewa katika mkataba wa mwaka 1921, uliotaja wanawake na watoto bila kutaja rangi.

Uganda yenyewe ilipata jeshi la askari polisi mwaka 1899, na likapangwa upya mwaka 1906. Wakati wa ukoloni Kenya na Uganda, na baadaye Tanganyika, zilikuwa chini ya utawala mmoja wa Kiingereza, na hivyo kumfuata mtoro kutoka nchi moja hadi nyingine hakukuwa jambo gumu. Baada ya uhuru, sheria za miaka ya 1960 zilihifadhi sehemu ya desturi hiyo. Hati ya kukamata iliyotolewa na hakimu wa nchi jirani iliweza kuidhinishwa na hakimu wa hapa, na mtuhumiwa akapelekwa kule alikotakiwa. Tarehe 6 Juni 1967 mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mjini Kampala, na wengi waliamini kwamba ujirani huo umekwisha kupata mizizi.

Matumaini hayo hayakudumu. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mwaka 1978 vita vikazuka kati ya Uganda na Tanzania. Katika hali kama hiyo hakuna Inspekta Jenerali anayeweza kumpigia simu mwenzake kuuliza habari za msichana aliyepotea. Nchi zinapogombana, hati ya hakimu hukaa mezani ikipata vumbi, lakini mtu wa magendo haachi kusafiri. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Katika jambo hili nyasi ni watoto wa maskini.

Ushahidi mchungu kabisa wa neno hilo ulipatikana Aboke, katika wilaya ya Apac ya wakati huo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa Joseph Kony walivamia Chuo cha Mtakatifu Maria wakateka wasichana 139. Mtawa Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, aliwafuata porini kwa miguu, akawasihi, akarudi na wasichana 109. Waasi walibaki na 30. Kama ilivyokuwa kwa maelfu ya watoto wengine wa kaskazini waliotekwa katika vita hivyo, wengi wao walipelekwa Sudan, wakagawiwa makamanda kana kwamba ni nyara. Njia waliyopitishwa ilikuwa ile ile ya kaskazini, iliyokuwa ikitoa watu zama za Khedive.

Wakati huo hapakuwa na wa kuulizwa upande wa pili. Uganda ilikuwa imevunja uhusiano na Sudan tangu mwaka 1995, na kila upande uliushutumu mwingine kwa kuwasaidia waasi wake. Makubaliano ya Nairobi ya tarehe 8 Desemba 1999 yalipoandikwa, suala la kuwarudisha waliotekwa liliingizwa ndani yake. Mwaka 2006 Interpol ikatoa ilani nyekundu za kutafutwa viongozi watano wa kundi hilo, kwa ombi la Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Dominic Ongwen, ambaye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, alijisalimisha Januari 2015. Mwaka 2021 alipatikana na hatia ya makosa mengi, miongoni mwake utumwa na ndoa za kulazimishwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Tangu usiku ule wa Aboke hadi hukumu hiyo ilipita karibu robo karne. Kwa mara nyingine mpaka ulikuwa umewapa wateka watu muda mrefu.

Baada ya mkutano wa Kampala wa 1998 mambo yalianza kupangika. Mwezi Novemba 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki inayojulikana kwa jina la mji wa Palermo, iliyoeleza kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu biashara ya watu ni kitu gani. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, Uganda mwaka 2009 na Kenya mwaka 2010. Jambo hili si dogo. Kwa kawaida nchi haimkabidhi mtuhumiwa kwa kosa ambalo sheria yake yenyewe hailijui. Sheria za majirani zilipokubaliana katika maana, daraja la kuvushia ushahidi na watuhumiwa lilipata nguzo.

Sheria ya Uganda ya 2009 inafaa kueleweka na kila askari, maana msingi wake ni mambo matatu. La kwanza ni kitendo, yaani kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumficha au kumpokea. La pili ni njia iliyotumika, kama vile nguvu, vitisho, udanganyifu, au kutumia vibaya mamlaka na shida ya mtu. La tatu ni lengo, nalo ni kumnyonya mtu huyo kwa kazi za utumwa, kwa umalaya au kwa namna nyingine. Kwa mtoto, sharti la njia haliangaliwi, na kitendo pamoja na lengo vinatosha. Hata mtu mzima akiwa alikubali kusafiri, ukubali wake si kinga ya mshitakiwa. Adhabu ya kosa la kawaida hufika miaka 15, na kosa zito hufika kifungo cha maisha. Tena sheria hiyo inaufuata uhalifu hata nje ya nchi, pale mhalifu au aliyedhulumiwa ni raia wa Uganda, au sehemu ya tendo ikiwa ilifanyika Uganda.

Hapa pana tofauti ambayo huwachanganya wengi. Yuko mtu anayevusha wahamiaji kwa malipo, na wakifika wanakokwenda shughuli yake imekwisha. Huyo amevunja sheria ya uhamiaji. Mwuza watu ni mwingine, maana faida yake ndiyo kwanza huanza pale safari inapokwisha. Lakini njiani watu hao wawili hufanana sana, na mara nyingi wa kwanza hugeuka kuwa wa pili katikati ya jangwa. Kwa hiyo askari anayelisimamisha gari katika kizuizi cha barabarani asitosheke na kuuliza hati za kusafiria. Aulize pia ni nani anayemngojea msichana huyo mbele ya safari, nani alilipa nauli, na nani ameishika hati yake.

Siku hizi mipaka ya Afrika ya Mashariki imefunguliwa, na kwa sababu njema. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi Busia, ambako maafisa wa Uganda na Kenya hufanya kazi chini ya paa moja. Mwenye duka amepunguziwa foleni, na mkulima hupeleka mahindi yake sokoni kwa urahisi zaidi. Lakini mlango unaofunguliwa kwa mwema hufunguka pia kwa mwovu. Watoto wa Karamoja, hasa wa wilaya ya Napak, wamechukuliwa kwa ahadi za shule na kazi, wakafikishwa katika barabara za Kampala kuomba, na wengine wakavushwa hadi Nairobi. Mwaka 2019 makumi ya wasichana na wanawake wa Karamoja walirudishwa Uganda kutoka jiji hilo.

Wako pia wale wanaopelekwa mbali zaidi. Mwezi Januari 2016 Uganda ilisimamisha upelekaji wa watumishi wa nyumbani Saudi Arabia kwa sababu ya malalamiko ya mateso, ikauruhusu tena mwaka 2017. Zuio hilo halikuwafunga mikono mawakala wasio na leseni. Waliukwepa uwanja wa Entebbe, wakawapitisha wasichana kwa basi hadi Kenya, na kutoka Nairobi wakawapandisha ndege kwenda Ghuba. Na mwaka 2025, miongoni mwa maelfu ya watu waliotolewa katika kambi za utapeli wa kompyuta huko Myanmar, walikuwamo raia wa Uganda. Hao nao walikuwa wameahidiwa kazi nzuri.

Sasa itazamwe kazi ya mpelelezi katika kesi ya namna hiyo. Mama mmoja ameripoti kituoni Kampala kwamba binti yake hapatikani. Aliyemwandikisha binti huyo yuko Kampala, lakini aliyemlaza usiku mmoja yuko Busia, aliyemkatia tikiti yuko Nairobi, na aliyempokea yuko ng'ambo ya bahari. Malipo yalipita katika simu. Kila kipande cha ushahidi kimo mikononi mwa polisi wa nchi nyingine, chini ya sheria nyingine. Ushirikiano wa polisi kwa polisi huweza kuleta habari kwa saa chache, kwa kutumia mtambo wa mawasiliano wa Interpol unaounganisha Kampala na miji mikuu mingine usiku na mchana. Lakini habari si ushahidi bado. Ili hakimu aipokee karatasi ya benki au maelezo ya shahidi kutoka nchi jirani, lazima ombi rasmi lipite kwa wanasheria wa serikali zote mbili. Mpelelezi asiyezijua njia hizo mbili, ile ya haraka na ile ya mahakama, atamjua mhalifu na bado atamshuhudia akitoka mahakamani huru.

Ushirikiano wenyewe nao unaweza kupotoka. Mwezi Mei 2016 mjini Khartoum, vyombo vya usalama vya Sudan vilimkamata kijana mmoja Mweritrea, kwa msaada wa polisi wa Uingereza na kwa ombi la Italia. Mwezi Juni alipelekwa Roma kwa ndege, na dunia ikatangaziwa kwamba amekamatwa Medhanie Yehdego Mered, aliyejulikana kwa jina la Jenerali, mtuhumiwa mkuu wa kuwavusha wahamiaji jangwani na baharini. Jina hilo lilikuwa limevuma tangu meli ilipozama karibu na kisiwa cha Lampedusa tarehe 3 Oktoba 2013 na kuua watu zaidi ya 360. Nchi tatu zilishirikiana, na zilijisifu kwa ushirikiano huo.

Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilitosha kuharibu yote. Kijana yule alikuwa Medhanie mwingine. Jina la kwanza lilifanana na la mtuhumiwa, lakini mtu hakuwa huyo. Ndugu zake walilalamika, watu waliomfahamu Jenerali walisema siye, na vipimo vya damu ya ukoo havikuwiana. Hata hivyo alikaa gerezani miaka mitatu. Mwezi Julai 2019 mahakama ya Palermo ilitamka kwamba alichukuliwa kwa kufananishwa, ikamwachilia baada ya kumtia hatiani kwa kosa dogo tu, ambalo kifungo chake alikwisha kukitumikia. Na mtuhumiwa mwenyewe je? Mwaka 2018 gazeti la The Guardian la Uingereza na televisheni ya Sweden, SVT, viliripoti kwamba alikuwa akiishi Uganda, tena kwa starehe, katika jiji la Kampala.

Kwa askari wa Kampala habari hiyo ina uzito wa pekee. Iwapo taarifa hizo zilikuwa sahihi, basi wakati dola tatu zilipokuwa zikimshikilia mtu asiyehusika, mtu waliyemtaka alikuwa akipita katika barabara ambazo askari wa doria huzipita kila jioni. Kufananisha majina si upelelezi. Jina ni mwanzo wa swali, na majibu yake hutoka katika alama za vidole, picha, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba na la babu, na kinywa cha mtu aliyemwona mtuhumiwa kwa macho yake. Taarifa yenye kosa ikitumwa ng'ambo ya mpaka haisahihishwi na umbali. Kila ofisi inayoipokea huiongezea muhuri, na mihuri ikiwa mingi uongo huonekana kama kweli.

Kesi ya pili inaonyesha thamani ya yule aliyedhulumiwa. Mwaka 2020 Kidane Zekarias Habtemariam, Mweritrea aliyekuwa akitafutwa kwa mateso ya wahamiaji katika kambi za Libya, alikamatwa Addis Ababa. Hakukamatwa kwa mtambo wowote. Mtu aliyewahi kuteswa alimtambua barabarani, akawaarifu polisi. Mwaka 2021 Kidane alitoroka akiwa katikati ya kesi, na mahakama ya Ethiopia ikamhukumu kifungo cha maisha akiwa hayupo. Tarehe 1 Januari 2023 alikamatwa nchini Sudan, katika operesheni iliyoongozwa na polisi wa Falme za Kiarabu kwa kushirikiana na Interpol. Shahidi mmoja mnyonge alifanya kazi ambayo nchi nyingi zilishindwa kuifanya, na mlango mmoja uliolindwa vibaya ukaiharibu kwa miaka karibu miwili.

Kutokana na hayo yote, wajibu wa afande na wa askari wa kawaida unaonekana waziwazi. Msichana anayekutwa mpakani bila hati asiwekwe mahabusu na kurudishwa kwao asubuhi kana kwamba yeye ndiye mhalifu. Yeye ni shahidi, na pengine ndiye pekee anayeijua sura ya mwuzaji. Maelezo yake yaandikwe mapema, kwa lugha anayoielewa, na mahali atakapopatikana siku ya kesi pajulikane. Taarifa kwa jirani ipelekwe siku ile ile, maana basi la usiku halingoji barua. Na askari anayepokea fedha kidogo ili asilitazame gari lililojaa watoto ajue kwamba amefanya kazi ya ile bendera juu ya mlingoti wa jahazi. Amemkinga mwuza watu kwa heshima ya sare ya taifa.

Askari wa sehemu hizi wamejaliwa kitu ambacho Brownrigg na maadui zake hawakuwa nacho. Tangu siku za King's African Rifles, Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi na ya kituo cha polisi nchini Uganda, kama kilivyo lugha ya kazi ya wenzao wa Kenya na Tanzania na ya wengi mashariki ya Kongo. Sajini wa Malaba au wa Mutukula anaweza kumweleza mwenzake wa ng'ambo, kwa dakika mbili na bila mkalimani, rangi ya gari, idadi ya watoto na jina la dereva. Mikataba yote, tangu wa Brussels hadi wa Palermo, hatimaye huishia katika dakika mbili hizo. Zikitumika, mpaka hubaki kuwa alama ya mahali nchi moja inapoikabidhi nyingine kazi. Zikipotezwa, mpaka huwa ngao, na anayejikinga nyuma yake ni yule yule aliyejikinga nyuma ya bendera karibu na Pemba mwaka 1881.